Kiingereza ni lugha yangu ya tatu, nami nilikwenda kukifundisha Thailand

Siku wakaguzi walipokuja shuleni, mimi nilifichwa kwenye chumba cha wagonjwa. Mkuu wa idara alinifuata mbio kabla ya kipindi cha tatu, akakutanisha viganja kifuani kwa heshima kama wafanyavyo Wathai, akaniomba nikapumzike huko mpaka atakaponiita. Nilikaa juu ya kitanda cha chuma saa nzima na nusu, nikilisikia darasa langu likipiga kelele bila mwalimu. Mara mlango ukafunguka. Binti mmoja wa darasa hilo akachungulia, akaniuliza kwa Kiingereza nilichomfundisha mwenyewe kama naumwa. Nikamjibu ndiyo. Nimefundisha Korogwe, nimefundisha Thailand, na sikumbuki neno nililomwambia mwanafunzi likanikaa rohoni vibaya kama lile.

Ilikuwa wiki yangu ya saba nchini. Wakala aliyenitafutia kazi alikuwa ameniambia niingie kwa visa ya utalii, vibali vingeshughulikiwa nikiwa kazini. Akaniambia pia kwamba wazazi wakiniuliza, niseme natoka Afrika Kusini. La kwanza nililikubali kwa kutojua, la pili kwa njaa ya kazi. Sasa kila mwezi kuna mdogo wangu fulani, wa Dar, wa Mombasa au wa Kampala, ananiuliza habari za kwenda kufundisha Kiingereza Asia, na karibu wote huanza na mshahara. Mshahara nitausema. Lakini acheni nianze na kitanda kile, maana shida nyingi nilizoziona kwa wenzetu kule zilianzia hapo, kwa mtu kukubali kuwa mahali kwa kujificha.

Kwanza, chagua nchi inayoipokea pasipoti yako kwa kazi hiyo. Korea Kusini, kwa mfano, hutoa visa ya mwalimu wa lugha, ile inayoitwa E-2, kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania au Mkenya hayumo, hata awe anakiongea Kiingereza namna gani. China nayo kwa walimu wa lugha inaelekea huko huko, na Julai 2021 ilipiga marufuku masomo ya ziada ya kibiashara kwa watoto wa elimu ya lazima, vituo vingi vilivyokuwa vikiajiri wageni vikafungwa. Anayekushauri uende huko kwa visa ya masomo au ya biashara kisha ufundishe, anakuandalia safari ya kurudishwa.

Thailand mlango upo, ila una kizingiti. Mimi nilitakiwa kuwa na shahada, matokeo yangu ya chuo, cheti cha polisi cha tabia njema, na mtihani wa Kiingereza. Nilifanya TOEIC Bangkok, na alama niliyotakiwa kufikisha ilikuwa 600 kati ya 990. Mwenzangu Mwingereza aliyesomea mambo ya biashara hakudaiwa mtihani wowote. Mimi niliyesomea ualimu wa Kiingereza nilidaiwa. Iliniuma sana, na nikaenda kuufanya. Vikishakamilika hivyo ndipo unaomba visa ya Non-Immigrant B, halafu kibali cha kazi, na shule inakuombea ruhusa ya kufundisha kutoka Khurusapha, ambalo ni baraza lao la walimu. Kila siku 90 unaripoti uhamiaji. Ukitaka kutoka nje ya nchi hata kwa siku mbili, chukua kibali cha kuingia tena kabla hujavuka mpaka. Ukisahau, visa yako imekufa.

Baada ya siku ile ya chumba cha wagonjwa niliziandikia shule tatu moja kwa moja bila wakala. Juu kabisa ya barua niliandika Tanzania, nikabandika na picha yangu. Mbili hazikujibu. Ya tatu, shule ya serikali katika mji mdogo wa Isan, lile eneo la kaskazini mashariki ya nchi, iliniita. Niliongeza siku 30 kwenye visa ya utalii kwa baht 1,900, baht ndiyo pesa ya kule, ili kupata muda, na karani wa shule ile, mama mmoja mpole asiyejua Kiingereza, akanisindikiza uhamiaji mara nne mpaka visa ikabadilishwa. Siku niliposhika kile kitabu cha bluu cha kibali cha kazi, chenye picha yangu na jina langu kamili, nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nitue Bangkok.

Kuhusu picha nisisitize kidogo. Kule kuna wazazi wanaotaka mzungu, na kuna wakuu wa shule wanaokwambia hivyo usoni bila kuona kosa. Madukani krimu za kung'arisha ngozi zimejaa, na watoto wamekulia humo. Kijana mmoja wa miaka 12 alinisugua mkono kwa kidole kisha akakiangalia kidole chake. Hakuwa na ubaya. Alikuwa hajawahi kumwona mtu mweusi karibu. Nilimpa mkono wote aushike mpaka aridhike, tukaendelea na somo. Ya watoto yanaisha ndani ya wiki mbili. Ya watu wazima yanachosha zaidi, kwa hiyo tuma picha yako mapema. Ni heri ukataliwe ukiwa kwenu Tanga kuliko ukataliwe ukiwa umeshauza kiwanja kwa ajili ya nauli.

Na hapa nisimame kabisa, nawaomba mnisikilize. Katika tangazo la kazi Thailand kuna hatari kubwa kuliko ubaguzi. Magharibi ya nchi, kiasi cha kilomita 500 kutoka Bangkok, kuna mji uitwao Mae Sot, na ng'ambo ya mto Moei ni Myawaddy, Myanmar. Huko ndiko kuliko makambi ambako watu hufungiwa na kulazimishwa kutapeli wengine mtandaoni. Wengi waliitwa kwa kazi nzuri za Thailand: mauzo, huduma kwa wateja, hata ualimu. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya raia wake juu ya ajira hizo, na mapema 2025 maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali, wakiwemo ndugu zetu wa Afrika Mashariki, walitolewa huko. Kwa hiyo, kabla ya yote, dai jina la shule na la mkoa. Ipigie simu shule yenyewe, siyo namba aliyokupa wakala. Shule haikulipii tiketi kabla haijaona shahada yako. Na ukifika Bangkok ukawekwa kwenye gari linaloelekea Mae Sot wakati mkataba wako unasema Khon Kaen, mji wa huko Isan, shuka kwenye kituo cha kwanza cha mafuta chenye watu, upige kelele.

Sasa mshahara. Kwa wakala nilipata baht 24,000 kwa mwezi. Shule ya pili ilinipa 30,000, wakati wenzangu wa Ulaya walikuwa wakipata 38,000 kwa vipindi vilevile. Chumba changu cha Isan kilikuwa 3,500, na chakula cha mitaani ni rahisi, kwa hiyo nikajiwekea akiba kila mwezi. Mtego uko kwenye idadi ya miezi. Mwaka wa shule huanza katikati ya Mei, husimama Oktoba, hurudi Novemba hadi Machi. Mkataba wa wakala ulikuwa wa miezi kumi, maana yake likizo huna senti wakati kodi inaendelea. Usitie saini mkataba usiotaja Oktoba na Aprili.

Darasani ndiko nilikopata furaha ambayo sikuitegemea. Wanafunzi walikuwa 45, wenzangu wageni wanalia, na mimi nimetoka kwenye darasa la 80. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni miisho ya maneno. Kithai hakikubali konsonanti nyingi mwishoni mwa neno. L inageuka N, S inapotea au inakuwa T. Basi football kwao ni futbon, apple ni eppen, house inabaki hao. Mwezi mzima nilisahihisha bila mafanikio. Usiku mmoja nikakumbuka mwalimu wangu wa Lushoto alivyohangaika na sisi, watoto tuliokuja na Kisambaa na Kiswahili, kila neno la Kiingereza tunalibandikia irabu mkiani.

Asubuhi yake niliandika neno moja ubaoni mara tatu. Kulia: hoten. Kushoto: hoteli. Katikati: hotel. Nikawaambia, la kulia ni lenu. La kushoto ni la kwetu, ndivyo nilivyolitamka mimi nikiwa na umri wenu, na mwalimu wangu alichoka kama nilivyochoka mimi. Ninyi mnabadilisha mkia, sisi tunaongeza mkia. Sasa tukutane katikati. Nikawaonyesha ulimi unavyobaki nyuma ya meno, usishuke, hesabu moja, mbili, tatu. Darasa zima likabaki na ndimi juu. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye tangu Mei hajanifungulia mdomo, akainua mkono akauliza: kwa hiyo hata mwalimu alikuwa hajui? Nikamwambia nilikuwa sijui kabisa. Kuanzia siku hiyo alikuwa akinitamkia. Mzaliwa wa London angewafundisha mengi, lakini hilo asingekuwa nalo la kuwapa, kwa sababu hajawahi kukisotea Kiingereza. Ndiyo maana ile amri ya kusema natoka Afrika Kusini ilikuwa hasara mara mbili: ilinivunjia heshima, na iliniondolea kifaa changu bora cha kufundishia.

Makosa nami niliyafanya. Mtoto alijibu vizuri nikampapasa kichwani, kama tunavyofanya kwetu kumpongeza. Darasa likanyamaza. Kichwa kwao ni kitukufu, hakiguswi ovyo, na miguu haielekezwi kwa mtu. Niliomba radhi mbele ya wote kwa kukutanisha viganja, yule mtoto akacheka, yakaisha. Lililonishinda ni alama. Aliyefeli hurudia kazi mpaka afike 50, na asipofika mwalimu anaombwa amfikishe. Nilibishana mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nikawa nakaa nao baada ya masomo siku mbili kwa wiki ili wazifikie kweli, na bado wapo niliowaandikia 50 wasizostahili. Sijaridhika na hilo mpaka leo.

Mengine ya Isan yatakushangaza kwa jinsi yalivyo ya nyumbani. Wanakula wali wa kunata kwa mkono, wanaufinyanga tonge kama ugali, wanachovya. Mtoto akipita mbele ya mkubwa huinama. Hata saa zao za jioni ni zetu: saa mbili usiku wanaiita song thum, na song ni mbili. Mama mwenye nyumba aliponiambia niende kwake song thum, nilifika kwa wakati, tena bila kuhesabu vidole.

Mama yangu alifariki nikiwa kule, mwaka wa pili, siku ya Jumanne. Akazikwa Jumatano alasiri, Lushoto, na mimi nilikuwa bado natafuta tiketi. Wenzangu wa ofisini walikuja chumbani na bahasha nyeupe zenye pesa, kila mmoja na yake, kama rambirambi zetu zilivyo. Yule karani aliyenisindikiza uhamiaji alikaa nami mpaka usiku bila kusema neno, maana hatukuwa na lugha. Nauli ya kurudi niliyokuwa nayo ilikuwa nusu. Wewe iweke kamili kabla hujanunua hata feni, na usiiguse.

Juni iliyofuata ilifika siku ya wai khru, Alhamisi ambayo wanafunzi huwaletea walimu maua. Huja kwa magoti, wamebeba sinia za maua walizozipamba wenyewe. Kuna ua liitwalo dok khem, jina lenye sindano ndani yake, ili akili iwe kali. Kuna majani ya nyasi zinazotambaa, kwa uvumilivu. Na kuna ua la biringanya, kwa sababu linapokaribia kuzaa huinama. Nilipoliona nilishindwa kujizuia. Mama alikuwa na matuta ya biringanya nyuma ya nyumba, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyamwagilia. Msichana aliyenipa akaogopa, akadhani amekosea. Nikamwambia hapana, ua hili ninalijua. Akaniuliza kwetu tunaliitaje. Nikamwambia: biringanya. Akalitamka lote, taratibu, mpaka irabu ya mwisho, na walio nyuma yake wakalipokea.