Kinundu cha mgongoni: nilikikamua miaka sita, daktari akalipia kazi yangu

Kilianza kama punje ya dengu, chini kidogo ya bega la kushoto. Kilipofikia ukubwa wa gololi ndipo nikaanza kukihisi kila nikiegemea kiti. Hakikuuma. Ila katikati kilikuwa na kitundu cheusi, kidogo kama ncha ya kalamu, na hicho ndicho kilichoniponza, maana ukishaona kitundu unataka kujua ndani kuna nini.

Basi kila baada ya miezi kadhaa nilimbembeleza mke wangu anikamulie. Yanatoka mauchafu meupe, mazito kama dawa ya meno iliyoanza kukauka, na harufu yake sitaisahau. Mke wangu anageuza uso pembeni huku vidole vikiendelea na kazi. Kinanywea, tunafurahi. Miezi miwili mitatu, kimerudi palepale.

Sisi tulikiita uvimbe wa mafuta, kama wanavyouita wengi. Kumbe wala si mafuta. Yale meupe ni keratini, protini ileile inayounda kucha na nywele. Kinachotokea ni kwamba chembe za ngozi ya juu hunasa chini, mara nyingi kwenye kishimo cha unywele, zikajijengea kifuko. Ukuta wa kifuko hicho ni ngozi kabisa, na ngozi hujibambua kila siku. Ya nje hudondoka ukaisahau, ya ndani haina pa kwenda, inarundikana. Kwa hiyo unapokamua umetoa mzigo tu, kifuko umekiacha, nacho kitajaa tena. Hakuna mafuta ya kupaka wala kidonge cha kukiyeyusha. Dawa yake ni kukitoa chote, na ukuta wake.

Hayo niliyajua baada ya kuumia. Usiku mmoja tulikamua sana na hakikutoka kitu. Nilisikia kama kimeachia kwa ndani. Siku ya pili mgongo ulikuwa umevimba, umewaka, shati likigusa naruka. Nikakimbilia zahanati nikiwa nimejiandaa kabisa kwamba leo kinatoka. Daktari akakitazama akakataa.

"Leo si cha kutoa, ni cha kutuliza."

Akanieleza kwamba kifuko kikipasukia ndani, ile keratini ikimwagika kwenye nyama mwili huishambulia kama kitu kigeni. Ndiyo maana wekundu na maumivu yale si lazima yawe ya vijidudu, na si kila mara utapewa antibiotiki. Nyama iliyovimba hivyo ni laini, inavujavuja damu, na ukuta wa kifuko hauonekani vizuri, kwa hiyo ukikata siku hiyo kuna uwezekano mkubwa wa kubakiza kipande, na kipande kikibaki uvimbe unarudi. Changu kilikuwa na usaha, akakipasua kidogo ukatoka, akanifunga shashi na kuniambia nirudi baada ya wiki sita. Niliondoka nimenuna.

Siku ya upasuaji wenyewe, kilichoniuma ni sindano ya ganzi. Dawa ile inaunguza inapoingia, ukihesabu taratibu mpaka kumi na tano imepita. Baada ya hapo nililala kifudifudi nikisikia navutwavutwa tu, kama mtu anayehangaika na kifungo cha koti langu. "Kuvutwa utasikia, makali usisikie. Ukisikia makali sema, nitaongeza," aliniambia, na nilisema mara moja, akaongeza. Usijikaze kishujaa.

Kazi ilichukua karibu saa nzima. Ile miaka ya kukamua ilikuwa imejaza makovu kwa ndani, kifuko kimegandana na nyama, kikatoka vipandevipande na mkato ukabidi urefushwe. Kovu langu ni la sentimita nne. Alipokuwa anashona akasema, bila ukali, kwamba ningemletea kabla sijakichezea angekitoa kizima.

Nilidhani ni maneno ya kunisuta. Miaka miwili baadaye kikaniota kingine utosini. Vya kichwani ni aina nyingine, kwa kawaida havina kitundu, na hufuata ukoo. Mama yangu anavyo viwili. Hicho hakikuguswa na mtu. Dakika ishirini tu, mkato mfupi, daktari akabonyeza pembeni na kikachomoka chenyewe. Muuguzi akanionyesha kwenye shashi: cheupe, cha mviringo, kinang'aa kama lulu. Nilitamani kukibeba nyumbani lakini kikaenda maabara. Ukitolewa chako, uliza kama kitapimwa. Saratani kwenye vivimbe hivi ni nadra sana, ila jibu la karatasi linakupa usingizi.

Kabla ya kukatwa, mwambie daktari kama unatumia aspirini, wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda (usiiache kwa uamuzi wako), kama una kisukari, kama dawa fulani hukudhuru. Na mtaje makovu yako ya zamani. Kama huwa yanaota na kutuna, hasa ya kifuani, mabegani au kwenye ndewe za masikio, huenda ukaishia kubadilisha kinundu kwa kovu kubwa kuliko chenyewe.

Maana si lazima kutoa. Kama hakikui, hakiumi na hakikukeri, kukiacha ni uamuzi halali kabisa, na mama yangu ameuchukua. Kisichofaa kusubiri ni donge gumu lisilosogea ukilisukuma, linalokua haraka, lenye kidonda au linalotoa damu. Vilevile donge jipya la shingoni, kwapani au kwenye kinena, kwa sababu huenda ni tezi, wala si kifuko. Hayo yaonwe mapema.

Baadaye ni uvumilivu tu. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku tano hadi saba, za kichwani saba hadi kumi, za mgongoni hata wiki mbili, kwa kuwa mgongo unavutwa kila ukinyoosha mkono. Mimi siku ya tano nilijiona nimepona, nikainua ndoo ya maji. Uzi mmoja ukaachia, na ndiyo sababu kovu langu ni pana upande mmoja.

Mwezi uliopita nimegundua kingine, nyuma ya sikio. Kidogo kama punje ya mchele, na kitundu chake kipo. Nimekata kucha zote, na mke wangu naye nimemwomba akate zake.