Nimemeza sipro, sasa kisigino kinauma

SWALI: Dokta shikamoo. Mi nina miaka 63, duka la dawa walinipa sipro za UTI bila kipimo, siku ya nne nikaanza kusikia maumivu nyuma ya kisigino mpaka kushuka ngazi shida. Jirani anasema nimalize dozi tu, eti dawa haikatishwi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mama. Hapana, hapo jirani kakosea, na naomba unisikilize vizuri. Sipro, yaani siprofloksasini, iko kwenye kundi la antibayotiki ambazo zinaweza kuvimbisha kano, yaani ule ukamba unaounganisha msuli na mfupa, na hata kuikata, hasa hiyo kano nene ya nyuma ya kisigino, ndo maana mwaka 2008 Marekani waliagiza ziwekewe onyo kali, na hatari inazidi kwa waliovuka miaka 60 na wanaotumia dawa za steroidi (za kutuliza uvimbe) kama prednisoloni. Kwa hiyo usimeze kidonge kingine, pumzisha mguu, usichue wala kukanda, nenda hospitali leo leo na boksi la dawa mkononi wakubadilishie, maana UTI yenyewe bado inataka kutibiwa, na safari hii wapime mkojo kwanza jamani. Kama ulisikia "pa!" nyuma ya mguu au huwezi kusimama kwa vidole, hiyo ni dharura. Na maumivu yanaweza kuja hata miezi baada ya kumaliza dawa, kwa hiyo kila ukiandikiwa antibayotiki mwambie daktari hili lilikupata.