Mlio wa tik-tik unaokatika injini ikipata moto

Ukiwasha injini ikiwa baridi ukasikia tik-tik, kisha ikapotea ikipata moto, kwa kawaida si tapeti (lifta, visukumio vya vali), ndugu, ni bolti ya manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) imekatika. Kwenye pikapu ya Ram 1500 yenye injini ya Hemi ya lita 5.7 huu ni ugonjwa unaojulikana, na mara nyingi zinazokatika ni bolti za nyuma kabisa, karibu na kabini. Manifoldi ni chuma cha kutupwa na hedi (kichwa cha injini, inapofungwa manifoldi) ni aluminiamu. Vinatanuka na kusinyaa tofauti, mwishowe bolti inachoka. Injini ikipata moto manifoldi inatanuka, inaziba upenyo, ndiyo maana kelele inapotea. Mulika tochi pale kwenye maungio asubuhi: ukiona masizi meusi, jibu umelipata.

Usikubali kubadilishiwa gasketi (kizibo kati ya manifoldi na hedi) peke yake. Manifoldi ipimwe kwa rula ya chuma. Ikiwa imepinda isagwe uso wake unyooke au inunuliwe nyingine, la sivyo bolti mpya zitakatika tena. Kipande kilichobaki ndani ya hedi, fundi akichomelee nati juu yake, kikiwa cha moto hulegea. Drili iwe ya mwisho kabisa, hedi ikitoboka vibaya ni hasara kubwa.

Ila kama mlio unaendelea hata injini ikiwa ya moto, acha kuiendesha, kagua hizo lifta na kamshafti (shafti inayozisukuma) kwanza.