Ukitumwa kufundisha askari wa nchi nyingine, anza na mshahara wake

Vijana wanaojiandaa kwenda Somalia kama wakufunzi huniuliza sana kuhusu silaha na mitaala. Nami huwauliza: huyo askari unayekwenda kumfundisha analipwa na nani, na hela inamfikia lini?

Nilikuwa miongoni mwa wakufunzi wa Uganda pale Bihanga, magharibi mwa nchi yetu, ambako Umoja wa Ulaya ulianza kuwafunza askari wa Somalia mwaka 2010. Sisi tuliwapa mafunzo ya awali: gwaride, shabaha, utunzaji wa bunduki. Wazungu wa mataifa mbalimbali wakashika mafunzo ya maofisa wa ngazi ya chini, masajenti na makoplo, pamoja na masomo ya mapigano ya mjini, mabomu ya kutegwa ardhini, mawasiliano na huduma ya kwanza. Vijana wale walikuwa hodari. Ukiwaelekeza jambo asubuhi, jioni unawakuta wanaelekezana wenyewe.

Shida iliwangoja kwao. Askari amefuzu, amerudi Mogadishu, miezi inapita bila mshahara na watoto wanalala njaa. Utamlaumu kwa lipi akiuza risasi, au akirudi kwa ukoo wake ambao angalau unamlisha? Fedha zilipitia mikononi mwa makamanda, na kila ziliposhuka ngazi moja zilipungua. Ndiyo maana nawaheshimu zaidi washauri waliokaa na watu wa Wizara ya Ulinzi, baada ya kikosi hicho cha Ulaya kuhamia Mogadishu mwaka 2014, kuliko sisi tuliopiga kelele uwanjani. Kufikia 2019 askari walikuwa wamesajiliwa kwa alama za vidole, na mishahara ikaanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti zao za benki. Hayo ni mafunzo ya kijeshi kamili, ingawa hayana vumbi.

Halafu chunguza nani amemfundisha kabla yako. Waturuki wana kambi yao Mogadishu tangu 2017, Wamarekani wamekilea Danab, kikosi cha makomando wa Somalia, Waingereza wamefundisha katika mji wa Baidoa, na watu wa Falme za Kiarabu nao wamewahi kufundisha huko. Kila mmoja ana ishara zake za mkono na taratibu zake za doria. Ukipewa platuni iliyochanganywa, usianze somo jipya. Watoe uwanjani, waache wafanye kila mtu alivyozoea, kisha mkubaliane na kamanda wao njia moja. Kamanda wao, si wewe; wewe utaondoka, yeye ndiye atakayekuwa nao risasi zikianza kulia.

Na kuhusu kuondoka: wakufunzi wengi hubadilishwa baada ya miezi michache tu. Omba muda mrefu kadiri wakubwa wako watakavyokubali. Weka daftari lenye jina la kila mwanafunzi, alichokiweza, alichokwama nacho na kikosi alichopelekwa, na umkabidhi mwenzako anayekuja kukupokea mkiwa wote mpo kambini, akuulize asichokielewa.