Feni ya paa kwa gari la kulala: hewa itaingilia wapi?

Anayegeuza HiAce au Caravan kuwa gari la kulala huanza na godoro, kisha kabati, kisha taa. Feni ya paa humjia akilini Februari, usiku wa kwanza Kigamboni, shuka likiwa limeloa jasho. Hapo ndipo anaingia mtandaoni, anaona feni iliyoandikwa namba ya hewa inayosukuma kubwa kuliko wenzake, anaagiza. Namba ile inafaa iangaliwe mwisho.

Feni hizi haziletei gari ubaridi. Zinatoa hewa ya moto ya ndani ili ya nje iingie, basi. Nje kukiwa nyuzi 28 na unyevu wake wa Dar, ndani hapatashuka chini ya hapo hata ufunge feni tatu. Anayetaka ubaridi anatafuta kiyoyozi, na hiyo ni habari nyingine ya betri na pesa. Ila gari lililoshinda juani likifungwa huwa na joto kali kuliko nje, na hilo feni hulimaliza kwa dakika chache.

Sasa namba. Feni kubwa za paa, kama MaxxFan Deluxe na Fan-Tastic, husukuma takriban futi za ujazo 900 kwa dakika, yaani mita za ujazo 25 hivi. Sehemu ya nyuma ya HiAce ya paa la chini ina kama mita za ujazo 6. Kwa hesabu ya karatasi, hewa yote ingebadilika mara nne kwa dakika. Haibadiliki hivyo, kwa sababu hewa haitoki kama hakuna inayoingia. Tundu la feni ni sentimita 35.5 kwa 35.5, karibu sentimita za mraba 1,260. Ukishusha vioo viwili vya mbele sentimita 5 kila kimoja, kwa upana wa sentimita 60, umepata 600 tu. Ongeza wavu wa mbu, ambao nao unakaba. Feni itapiga kelele, itakula umeme, na upepo utakaousikia ni mdogo. Kabla ya kununua, pima madirisha yako yanayofunguka. Kama gari ni la mizigo, la bati tupu nyuma, tenga kwanza fungu la dirisha la kusukuma la pembeni, ndipo uzungumzie feni.

Mahali pa kuiweka panafuata hapohapo. Hewa iingie upande mmoja, ikupitie ulipolala, itokee upande wa pili. Kitanda kikiwa nyuma na hewa ikiingia kwa vioo vya mbele, feni iwe nyuma. Ukiiweka katikati ya paa, juu tu ya dirisha la pembeni lililo wazi, itavuta hewa ya dirisha lile na kuitupa nje. Wewe nyuma huko unabaki na joto lako. Kama unapika ndani, ivute karibu na jiko kadiri mbavu za paa zitakavyoruhusu. Na tuseme wazi: jiko la mkaa halipikiwi ndani ya gari, feni iwe inazunguka au la. Gesi ya mkaa haina harufu na inaua.

Kwa Dar, mimi ningepima feni kwa kifuniko kabla ya kitu kingine. Masika huanza Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba, na mvua inaweza kushuka usiku wakati umelala. Kuna vifuniko vya kuba vinavyoinuka kama mfuniko wa sufuria. Mvua ya upepo ikija, unafunga au unaloa. Baadhi vina kihisi cha mvua kinachofunga chenyewe, jambo zuri kwa gari lililoachwa peke yake, lakini ukiwa ndani maana yake umefungiwa joto. Aina ya pili ina kofia yenye mabega pembeni, hewa inatokea nyuma chini ya kofia, na feni inaendelea kufanya kazi mvuani. Kwa mtu wa pwani hiyo ndiyo ya kulipia. Unapoifunga kwenye paa, upande unaofunguka utazame nyuma ya gari. Ukitazama mbele, upepo wa barabara ya Bagamoyo utaunyofoa. Na usiegeshe chini ya mnazi. Plastiki haishindani na nazi.

Umeme. Feni nzuri hula ampea 3 hivi kwa kasi ya juu, na chini ya ampea 1 kwa kasi ya kati. Usiku mmoja, yaani muda wa saa tisa, kwa ampea 0.8 ni ampea-saa (ampea mara saa) 7. Kwa kasi ya juu ni 27. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo una 50 za kutumia, na humo kuna friji, simu na taa. Angalia swichi ya kasi pia. Feni ya bei ya chini yenye kasi tatu mara nyingi hupunguza mwendo kwa kupoteza umeme kwenye rezista, kipande kinachougeuza kuwa joto, hivyo kasi ndogo haiokoi sana. Yenye kasi kumi na kidhibiti cha kielektroniki huokoa kweli, kwa kuwa feni ikipunguzwa mwendo nusu, kazi yake hushuka mpaka kama moja ya nane. Muuzaji akishindwa kukuambia ampea za kasi ya chini, mwombe aiwashe kwenye betri, uweke mita.

Waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha kwa mita 5 kutoka kwenye betri. Kwa ampea 3 utapoteza kama volti 0.2 kwenda na kurudi. Wa milimita ya mraba 1 utapoteza zaidi ya 0.5, na feni itazunguka kivivu, fundi atalaumu mota. Fyuzi ifuate kitabu cha feni, kwa kawaida ampea 5, na ikae karibu na betri. Fyuzi iliyofungwa kule juu kwenye feni hailindi waya ulio chini yake.

Wenye Coaster na Rosa mnisikilize: mengi ya magari haya ya dizeli yana volti 24. Feni ya volti 12 ukiiunga moja kwa moja inaungua. Na ile mbinu ya kuvuta volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili inafanya betri zichajiwe bila usawa mpaka moja inakufa mapema. Nunua kipunguza volti cha 24 kwenda 12, ampea 5 au zaidi.

Utashauriwa ufunge feni ya rejeta kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani, kwa sababu ni ya bei rahisi na ina nguvu. Nguvu inayo, lakini inakula umeme mara kadhaa ya feni ya paa, inanguruma, na haina kifuniko wala wavu. Ile tabo, feni ya paa isiyo na mota inayozungushwa na upepo, nayo husimama upepo ukitulia, na usiku wa joto kali ndipo upepo unapotulia.

Kukata paa kunatisha kuliko kulivyo. Vua dari kwanza, uone mbavu ziko wapi. Usikate ubavu ili tundu likae katikati, sogeza tundu. Chora mraba kwa kufuata fremu ya feni yenyewe, siyo kipimo cha mtandaoni. Bandika selotepu ya karatasi kuzunguka mstari, toboa pembe nne kwa drili ya milimita 10, kisha kata kwa msumeno mdogo wa umeme wenye meno ya chuma. Grenda ni haraka, lakini cheche zake huchoma rangi na kuganda kwenye vioo. Tandika shuka kuukuu ndani na zoa vumbi lote la chuma juu ya paa: punje zilizobaki, kesho kutwa ni madoa ya kutu. Piga tupa ukingo, paka rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili, subiri ikauke kabisa. Hewa yetu ina chumvi. Bati lililo wazi halisubiri.

Paa la HiAce si bapa, lina mawimbi. Fremu ya feni ikikaa juu ya mawimbi huacha vichochoro vya maji, na hapa ndipo nyingi huvuja. Weka fremu ya kati iliyochongwa kufuata umbo la paa, au jaza mabonde kwa mkanda wa butili, mpira laini unaonata, mpaka pawe sawa, kisha zungusha tabaka jingine zima chini ya flenji, ule ukingo bapa wa fremu. Skrubu ziwe za chuma cha pua, zikazwe kwa mkono kwa kupokezana pembe, mpaka butili ianze kuchomoza pembeni. Drili ya umeme hupasua plastiki. Funika vichwa vya skrubu na ukingo kwa gundi ya poliyurethani ya magari. Silikoni ile ya madirisha inayonuka siki iache dukani: siki yake inakula bati, na ikishabanduka hakuna gundi nyingine inayoshika juu yake.

Iache siku nzima, kisha mwagia maji kwa mpira kwa dakika kumi, mtu mwingine akiwa ndani na tochi, dari ikiwa bado haijarudishwa. Pima pia urefu mpya. HiAce ya paa la chini ni mita 1.98, ukiongeza sentimita 13 za feni iliyofungwa umefika 2.11, na kibao cha maegesho ya chini ya jengo hakitakuhurumia.

Kwenye barabara ya vumbi, geuza feni ivute hewa ndani kama ina uwezo huo, au izime. Ikitoa hewa vioo vimefungwa, itanyonya vumbi kwa kila mwanya wa mlango wa nyuma, na gari likiwa limesimama linanguruma, itanyonya moshi wa ekzosi vilevile.

Wavu wake uoshe kila mwezi kwa sabuni na brashi laini. Kabla ya Machi panda juu, bonyeza gundi kwa kidole kuzunguka fremu yote, na palipoinuka kwangua, safisha kwa spiriti, upake upya.