Herufi nene zimemeza jina la biashara yangu, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Nimefungua kijiwe cha kahawa hapa Mbagala, kinaitwa KAHAWA NA KASHATA. Kijana wa steshenari akanidizainia bango la fleksi la mita 3, akaweka fonti inaitwa Abril Fatface, kwenye simu ilikuwa nzuri balaa, nene halafu ina madoido. Nimelitundika, nikivuka ng'ambo ya barabara jina silioni, naona mafimbo meusi tu. Watu wanauliza hapa panaitwaje. Tatizo ni fonti au uchapaji? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Pole dada yangu, na hongera kwa kijiwe. Waliochapa hawana kosa, na fonti yenyewe naipenda sana, ila hapo imewekwa pasipo pake.

Hebu piga picha hilo bango uikuze, tazama ile H ya KAHAWA. Ina nguzo mbili nene kama za baraza halafu katikati pameunganishwa na kamstari kembamba kama uzi. Ukiwa karibu unaona H, ukiwa ng'ambo jicho halikamati tena ule uzi, zinabaki nguzo mbili tu hazijuani. A nayo mguu wa kushoto ndo huo uzi, wa kulia ndo mnene, kwa hiyo kila A imegeuka fimbo iliyolala upande, na Kiswahili kinavyopenda irabu jina lako lina A saba, zihesabu. N ya katikati ndo imepoteza miguu yote miwili.

Mtindo huu ulianza London mwanzoni mwa karne ya 19, enzi za matangazo ya bahati nasibu na biashara kubandikwa ukutani, kila mchapaji anataka herufi zake ndo zionekane, basi wakachukua herufi za serifu zilizokuwa kwenye vitabu (zile zenye vijiguu mwishoni) wakanenepesha sehemu nene zikawa nene kupita kiasi, nyembamba wakaziacha vilevile. Abril Fatface yenyewe ni ya juzi juzi, wameichora Veronika Burian na José Scaglione wa kampuni ya fonti ya TypeTogether wakifuata mabango ya karne hiyo ya Uingereza na Ufaransa. Ila yale yalisomwa na mtu aliyesimama pale pale mbele ya ukuta, wako yuko dirishani kwenye daladala na gari inatembea.

Wewe unataka herufi ambayo ni nene pande zote. Mimi ningekupa Cooper Black, aliichora Oswald Cooper wa Chicago ikatoka 1922, nayo ni serifu na ina madoido yake, ila vijiguu vyake vimeviringwa na hata kale kamstari ka H kana mwili, hakapotei. Kompyuta nyingi zenye Microsoft Office wanayo tayari, mwambie tu kijana aitafute.

Na safari hii usichape kabla hujajaribu. Karatasi ya A4 upande mrefu ni karibu sentimita 30, yaani moja ya kumi ya bango lako, kwa hiyo printi jina lijae karatasi nzima, ibandike ukutani, rudi nyuma mita 4 na hapo ni kama umesimama mita 40 toka kwenye bango, halafu mwite mtu ambaye hajui jina la kijiwe asome, maana wewe ukishalijua jicho linajazia lenyewe. Akisitasita, badilisha.

Mwambie pia asibonyeze ile B ya boldi, fonti kama hizi zimeshanenepa, ukibonyeza programu inazinenepesha kwa nguvu mpaka matundu ya A yanaziba. Asizivute upande kujaza nafasi. Na kwenye AWA asogeze herufi kwa mkono, A na W zinalaliana kila moja upande wake, ukiziacha hivi hivi kunabaki pengo na neno linakuwa kama limekatika.

Ile Abril usiitupe lakini. Iweke ndani kwenye menyu ya ukutani, neno Kahawa kwa herufi ndogo, kubwa kama kiganja, mteja akae akisubiri kikombe chake aone ile a ilivyo na kitone cha duara kinaning'inia juu. Hapo utaipenda upya.

SWALI: Natengeneza kadi za mchango wa harusi ya mdogo wangu, naweza kuandika kadi yote kwa fonti ya aina hiyo nene? – Msomaji, Sinza

JIBU: Hapana ndugu yangu. Majina ya maharusi tu, makubwa, yakae peke yake. Tarehe, ukumbi, namba za kutuma mchango, hivyo viandike kwa fonti ya kawaida saizi 11 au 12, maana ukiipunguza ile nene mpaka saizi hiyo nyuzi zake zinakatika kwenye printa na matundu yanajaa wino, 8 na 3 zinafanana, na mchango wa watu ukaishia kwenye simu ya mtu mwingine.