Kerr kwenye kaviti za supakondakta: usiiue, iwekee swichi

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wa kompyuta za kwanta wanahangaika kupunguza Kerr (masafa ya kaviti kubadilika kadiri fotoni zinavyoongezeka ndani) ilhali bila hiyo kaviti, yaani boksi la chuma linalonasa maikrowevu, haina kazi. Nashinda na haya maboksi ya alumini kwenye maabara moja huku Ulaya, kwa hiyo najibu kwa ninayoyaona.

Kaviti tupu ngazi zake za nishati zimeachana sawasawa. Ukiipiga maikrowevu inajaa fotoni tu, huwezi kuchagua ngazi. Ndiyo maana tunaipachikia transimoni, saketi ambayo ngazi zake hazijaachana sawasawa kwa sababu ina kiungo cha Josephson ndani (supakondakta mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba wa kizio). Sasa transimoni nayo inaiambukiza kaviti tabia yake: masafa ya kaviti yanaanza kutegemea fotoni zilizomo. Hiyo ndiyo Kerr.

Piga hesabu. Muunganiko wa kaviti na transimoni, χ, ukiwa 1 MHz, na α (tofauti ya nafasi kati ya ngazi za transimoni) ikiwa 200 MHz, Kerr ni takriban χ²/4α, yaani kama 1.25 kHz. Unaona ndogo? Weka hali koherenti (inayofanana na wimbi la kawaida) yenye wastani wa fotoni 10: ndani ya mikrosekunde 40 hivi fezi, yaani mahali wimbi lilipo kwenye mzunguko wake, imeshatawanyika kwa radiani moja, na kaviti nzuri inatunza fotoni milisekunde nzima. Kwenye picha ya Wigner, ambayo ni ramani ya hali iliyomo kwenye kaviti, unaliona doa la duara likijipinda kama ndizi.

Hapo wengi wanadhani taarifa imepotea. Haijapotea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha mwaka 2013 kwamba doa linatawanyika kisha linajikusanya upya. Balaa ni fotoni moja kuvuja katikati: hujui imetoka saa ngapi, kwa hiyo hujui urudishe fezi kiasi gani. Kerr peke yake inafutika, Kerr pamoja na uvujaji haifutiki.

Dawa ya kwanza ni kulegeza muunganiko. Ukipunguza χ nusu, Kerr inashuka hadi robo. Milango ya kawaida (operesheni za kwanta) itakuwa ya polepole, ila ukiisukuma hali mbali na kitovu cha ramani ile kwa muda mfupi, χ ya makumi ya kHz tu inatosha kufanya kazi haraka. Binafsi ningeanzia hapa.

Ya pili ni SNAIL: kitanzi cha viungo vitatu vikubwa na kimoja kidogo, unakipitishia uga wa sumaku. Kuna kiwango fulani ambapo Kerr inakaribia sifuri huku uchanganyaji wa mawimbi matatu ukibaki, basi unauwasha na kuuzima kwa pampu, yaani maikrowevu ya nguvu. Tamu kwenye karatasi. Kwenye friji, chini ya milikelvini 20, alumini ni supakondakta na inaufukuza uga wa sumaku, koili ya nje haifiki ndani. Sehemu ya SNAIL inabidi iwe ya shaba, na shaba inakula fotoni, kwa hiyo unaisogeza mbali na kaviti ya kuhifadhia, lakini si mbali mno hadi muunganiko ufe. Kazi kubwa iko hapo, si kwenye fomula.

Na Kerr ya simulesheni usiiamini kichwa kichwa. Badilisha wastani wa fotoni, pima fezi inavyozunguka, mteremko wa mchoro ndio utakupa namba yako.